Denali (Alaska) kwa basi la hifadhi: naomba muongozo, nakwenda na mama mzee na watoto

Mzawa wa Chumbageni
Wakuu, habari za majukumu.

Niko Minneapolis. Mama yangu amekuja kutoka Tanga kututembelea, na kabla hajarudi nataka nimpeleke sehemu ambayo hata mimi sijafika: hifadhi ya Denali kule Alaska. Ni mwezi Julai. Tutakuwa mimi, mke wangu, mama (miaka 68, magoti yanamsumbua kwenye ngazi lakini tambarare anatembea vizuri) na watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 3. Tunashukia Anchorage, gari la kukodi nimeshalipia.

Nilijua ni kama mbuga zetu: unafika getini, unalipa, unaingia na gari lako. Sasa nasoma naambiwa gari binafsi mwisho maili ya 15, kuanzia hapo ni basi tu. Nikaingia kwenye mabasi yenyewe ndiyo nikavurugwa kabisa: kuna ya kijani, kuna ya rangi ya kaki, kuna ya bure, kuna ya wenye mahema. Bei zimepishana mara nne na yote yanapita barabara ileile moja!

Naomba mliokwenda mnisaidie. Nichukue lipi? Mlima unaonekana? Vyoo? Chakula? Na kuna mtu kaniambia barabara imekatika katikati, ni kweli?

Jongwe la Mjini
Mkuu, Mkomazi iko hapo nyuma ya nyumba kwenu, umeiruka ukaenda kutafuta wanyama kwenye barafu. Natia kambi hapa nisome.

Mzawa wa Chumbageni
Hahaha. Mkomazi mama ameenda zamani sana. Anataka dubu. Kamuona kwenye televisheni, basi kila siku dubu, dubu.

Fundi Mabomba AK
Mkuu karibu. Mimi niko huku Alaska, nafanya kazi ya mabomba, na kila mgeni wangu wa majira ya joto lazima anidai Denali, kwa hiyo hii habari naijua. Nitaandika kirefu, chukua chai.

Kwanza ondoa wazo kwamba basi ni njia ya watu wasio na gari. Denali ina barabara moja tu, ina urefu wa maili 92 (kilomita 148 hivi), inaingia ndani ikiishia Kantishna ambako zamani watu walichimba dhahabu. Lami inakwisha maili ya 15, pale Mto Savage. Kuanzia hapo ni changarawe, nyembamba, kuna sehemu upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo, hakuna kingo. Mwaka 1972 ile barabara kuu ya kutoka Anchorage kwenda Fairbanks ilikuwa ndiyo imefunguliwa, wakaona magari yatamiminika, wakaamua hapohapo: gari binafsi zisipite, watu wapande basi. Mpaka leo ni hivyo. Siku hizi kuna kikomo cha magari 160 kwa saa 24 kwenye ile sehemu iliyozuiwa, na hapo wamehesabu mabasi yote. Hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba zaidi ya 24,000, yaani inaizidi Serengeti kwa mbali. Sasa piga picha: nchi yote hiyo, barabara moja, magari 160.

Maana yake ni kwamba hata tajiri wa namna gani akija na gari la kifahari, atakaa kwenye kiti kilekile cha basi la mtindo wa basi la shule kama wewe. Ukilielewa hilo, mipango mingine yote inakuwa rahisi.

Mabasi sasa.

La kijani ndilo basi la usafiri la kawaida. Tiketi ya mtu mzima ni dola 30 na kitu (cheki tovuti ya hifadhi, kila mwaka wanaongeza kidogo), mtoto wa miaka 15 kushuka chini hatozwi. Halina mwongozaji rasmi, ingawa madereva wengi ni waongeaji na watakueleza wanachokiona. Linasimama kwa ajili ya wanyama, kwa ajili ya vyoo, na, hili ndilo la muhimu, unaweza kushuka. Unamwambia dereva "nishushe hapa", anakushusha porini, unatembea, ukichoka unarudi barabarani unapungia basi lolote la kijani linalopita. Kama lina nafasi unapanda.

La kaki ni la utalii wa kuongozwa. Dereva anahutubia muda wote kwa kipaza sauti, mnapewa kiboksi cha vitafunwa, na yale ya ziara ndefu yana kamera inayomvuta mnyama wa mbali mkamuona kwenye skrini. Bei iko juu ya dola mia kwa ile ziara ndefu. Hushuki popote isipokuwa vituo vyao, na mliokwenda pamoja mnarudi pamoja.

La bure linaishia Mto Savage, maili ya 15, ambako hata gari lako linafika. La kambi ni la wenye mahema na mizigo, achana nalo.

Kwa familia yako mimi nasema la kijani bila kupepesa macho. Nikimaliza kazi jioni nitarudi kwenye habari ya barabara kukatika.

Binti Makunduchi
Fundi shukrani sana. Sisi tuko Toronto, tunakwenda mwakani inshallah. Swali langu la vitendo: sala. Basi la muda mrefu namna hiyo, adhuhuri inaingilia njiani. Na chakula cha halali huko kinapatikana?

Dereva wa Narok
Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi ni dereva wa watalii, Mara ndiyo ofisi yangu. Huu uzi umenigusa. Chui akionekana juu ya mti asubuhi, dakika kumi baadaye redio zimelia na magari yamemzunguka, thelathini, arobaini, kila dereva ana mgeni nyuma anayemsukuma "songa mbele, songa mbele". Msimu wa nyumbu kuvuka mto ndio hata sisemi. Wengine wanakata kona nje ya barabara, askari wanatoza faini, kesho ni yaleyale. Hawa jamaa wa Denali walifunga mlango kabla ng'ombe hajatoka. Sisi tunajaribu kumrudisha ng'ombe zizini.

Lakini nina shaka moja. Watu hamsini ndani ya basi moja, mnyama yuko upande wa kushoto, wa kulia anaona nini? Mgongo wa jirani?

Fundi Mabomba AK
Dereva wa Narok, swali la mtu wa kazi hilo. Kwenda na kurudi ni barabara moja, kwa hiyo upande ulioukosa ukienda unaupata ukirudi, na wengi wanabadilishana viti. Kinachofanyika ni hivi: mtu yeyote akiona kitu anapiga kelele "simama!" na kutaja upande. Dereva anasimamisha, anazima injini. Basi linakuwa kimya ghafla, unasikia tu vile vibanio vya madirisha vikibonyezwa, vioo vinashuka nusu, watu wanatoa kamera. Mikono na vichwa vinabaki ndani, hakuna kuita mnyama. Anayeharibu huo ukimya anaangaliwa na basi zima, sihitaji kueleza.

Na kuhusu kuona, tuwe wakweli: huku mnyama mara nyingi yuko mbali. Hii si Seronera ya Serengeti. Dubu unaweza kumuona ni kidoa cha rangi ya ngano kinachotembea kwenye mteremko ng'ambo ya mto. Kondoo weupe wa milimani ni nukta nyeupe juu kabisa ya jabali. Safari nyingine dubu anatembea katikati ya barabara mbele ya basi na mnamfuata taratibu kwa sababu barabara ni yake. Kwa hiyo darubini. Usinunue chochote kingine kabla ya darubini. Mbili kama unaweza, maana mama hatakuachia ya kwanza.

Binti Makunduchi: basi la kijani la kwenda mwisho na kurudi ni kama saa nne na nusu hadi tano. Ukipanda la asubuhi unarudi kituoni adhuhuri bado ina muda wa kutosha, maana Julai jua huku linachwa karibu na usiku wa manane. Ukipanda la mchana, kuna mapumziko Teklanika, maili ya 30, kuna jukwaa la kutazama mto na nafasi ya kutandika mswala. Wewe ni msafiri, unajua ruhusa ulizo nazo. Alasiri iko mbali sana. Tatizo la huku kiangazi ni isha na alfajiri, zinakaribiana mno, waulizeni msikiti wa Anchorage wanafuata ratiba gani. Chakula cha halali kinunueni Anchorage kabla ya kuondoka, karibu na hifadhi mtabaki na samaki tu. Samaki mwenyewe lakini ni samoni wa Alaska, si wa kulalamikia.

Msomi wa Kimara
Naomba nitofautiane na Fundi kidogo, kwa heshima. Mimi niliwapeleka wageni wangu kwa basi la kaki na sijuti. Mama wa miaka 68 hatashuka porini kutembea kwenye majani yanayotitia. Faida kubwa ya basi la kijani ni kushuka. Kama hushuki, umenunua nini? Kwenye la kaki unapata maelezo, unapata kinywaji cha moto, unapata ile skrini ambayo mtu mzima mwenye macho ya miaka 68 ataiona vizuri kuliko darubini inayotikisika. Urahisi wa bei usitufanye tuwabane wazee.

Fundi Mabomba AK
Msomi hoja yako ya skrini ni nzito, naikubali. Kwa mzee anayeona kwa shida ningemwelekeza huko. Lakini niulize: mama wa mleta uzi anaongea Kiingereza?

Mzawa wa Chumbageni
Cha "thank you" na "how much".

Fundi Mabomba AK
Basi ndiyo hapo. Umlipie dola mia na zaidi asikilize hotuba ya saa tano kwa lugha asiyoielewa? Na ukitaka kumtafsiria utakuwa unaongea juu ya sauti ya mwongozaji, watu watakununia. Kwenye la kijani dereva akinyamaza unapata nafasi ya kumwambia mama taratibu kile ni nini. Pili, una mtoto wa miaka 3. Akianza kulia maili ya 20, kwenye la kaki mmekwama mpaka ziara iishe. Kwenye la kijani mnashuka kituo kinachofuata, anakimbiakimbia, mnapanda linalokuja. Kushuka hakumaanishi kupanda mlima. Kushuka ni pamoja na kukaa kwenye jiwe kando ya mto mkala chapati.

Tahadhari: hesabu yenu ni watu watano. Basi la kurudi likifika na viti viwili, dereva atachukua wawili au mnasubiri lingine. Siku za Julai kusubiri nusu saa au saa nzima ni kawaida. Mkigawana, mama apande na mke, wewe ubaki na watoto.

Msomi wa Kimara
Hapo kwenye lugha umenibana. Nimenyoosha mikono nusu.

Jongwe la Mjini
Nusu ya mikono, duh.

Fundi Mabomba AK
Haya, barabara.

Ni kweli imekatika, na kila anayepanga lazima alijue hili kabla ya kununua chochote. Maili ya 45 na kidogo kuna mteremko unaitwa Pretty Rocks. Barabara imechongwa katikati ya mteremko, na chini ya udongo kuna barafu ya miaka mingi. Hali ya hewa imepanda joto, ile barafu inayeyuka, mteremko unateleza na barabara juu yake. Kabla ya 2014 ilikuwa ni nyufa tu za kutengeneza kila baada ya miaka michache. 2017 ikawa inasogea inchi kwa mwezi, mwaka uliofuata inchi kwa wiki, 2019 inchi kwa siku. Agosti 2021 ilifika zaidi ya nusu inchi *kwa saa*. Walikuwa wanamwaga changarawe mpaka malori mia kwa wiki kuifukia, inamezwa. Mwezi huohuo wakafunga.

Tangu 2023 wanajenga daraja la chuma la mita 145 kuruka ile sehemu yote bila nguzo katikati. Ratiba waliyotangaza inasema mpaka msimu wa 2026 mabasi yanageuzia maili ya 43, kwenye daraja la East Fork. Kwa hiyo Eielson, maili ya 66, na Ziwa Wonder, maili ya 85, zile picha zote mnazoziona mtandaoni za mlima ukijitazama kwenye maji, kwa basi hamfiki. Ukikuta blogu inakuambia "panda basi la safari ya saa nane mpaka Eielson", angalia tarehe ya blogu.

Dereva wa Narok
Kwa hiyo mtu anaona nusu ya barabara. Inafaa kusafiri mbali hivyo kwa nusu?

Fundi Mabomba AK
Inafaa, na nakueleza kwa nini. Nusu iliyobaki ndiyo yenye dubu. Maili ya 34 ni bonde la Igloo, kondoo weupe wanakaa juu kulia na kushoto. Maili ya 38 mpaka karibu ya 43 ni Sable Pass, na hapo wamepiga marufuku mtu yeyote kutembea nje ya barabara miaka mingi sana, kwa sababu dubu ndiyo wanalala, wanakula, wanalea. Basi linapita katikati yake kwenda na kurudi. Kwa hiyo mama na dubu wake, nafasi iko. Siahidi, lakini iko.

Kilichopotea ni mlima wa karibu. Na mlima ndio unaowaumiza watu. Huo mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, mita 6,190, unaupita Kilimanjaro kwa mita karibu mia tatu. (Kwenye ramani za serikali utakuta tena jina la McKinley, walilirudisha Januari 2025. Hifadhi imebaki Denali.) Unajitengenezea mawingu wenyewe. Inakadiriwa theluthi moja tu ya wageni wa kiangazi wanauona. Nimeona watu wazima wamekaa kwenye basi wamenuna saa tano nzima wanatazama ukungu upande wa kusini huku kando ya dirisha muusi na ndama wake wanakula majani ya mierebi. Muusi ni wa jamii ya kulungu, dume zima begani linamzidi mtu urefu. Watu hawamwangalii, wanangoja mlima!

Mlima mpange njiani. Ukitoka Anchorage, barabara kuu maili ya 135 kuna sehemu ya kuegesha yenye mandhari ya upande wa kusini, ukiwa wazi unauona vizuri pengine kuliko ndani ya hifadhi. Na ndani ya hifadhi, kuanzia maili ya 9 hivi, unachomoza kama hakuna wingu. Hapo unafika na gari lako. Uchukulie kama bahati ya njiani, siku ya basi iwe ya wanyama na nchi yenyewe.

Mama Furaha wa Bukavu
Jambo bandugu. Mimi ni Mkongomani, naishi Anchorage na familia yangu. Naongeza kidogo tu. Kama bibi hapendi gari sana, kuna treni kutoka Anchorage, inaondoka asubuhi inafika Denali alasiri, na kila kiti kina dirisha kubwa. Ni ghali lakini wazee wanaipenda. Na msisahau mbwa! Hifadhi ina mbwa wake wa kuvuta sleji tangu 1922, wakati wa baridi askari wa hifadhi wanazunguka nao. Kiangazi wanaonyesha bure, kuna basi la bure la kuwapeleka. Watoto wangu waliwashika, waliwakumbatia, hawakutaka kuondoka. Ya dubu walikuwa wamesahau.

Na mbu. Tanga mnawajua mbu, lakini hawa wa huku mwezi wa saba ni wengi kupita kiasi. Malaria hawana. Ila mtajikuna.

Mzawa wa Chumbageni
Asante sana mama Furaha. Mbwa nimewaandika. Treni mfuko haunitoshi, gari nimeshalipia.

Fundi, nimepanga hivi, nikosoe. Siku ya kwanza tunaondoka Anchorage mchana, tunalala karibu na geti. Siku ya pili basi la kijani la saa 5 asubuhi ili watoto walale vya kutosha. Siku ya tatu mbwa asubuhi, halafu turudi. Chakula nanunua hapo getini. Hoteli za pale getini zimenishtua bei.

Fundi Mabomba AK
Mpango mzuri, narekebisha mambo matatu manne.

Basi la saa 5 badilisha. Chukua la mapema, saa 1 au 2 asubuhi. Wanyama wanatembea kukiwa na ubaridi, na basi la mapema linakupa nafasi ya kushuka na kupanda bila wasiwasi, maana nyuma yako kuna mabasi mengi yanakuja. Ukianza na la mchana ukashuka, unaanza kuhesabu ya kurudi. Watoto watalala kwenye basi, changarawe inabembeleza.

Chakula usinunue getini kama unajali pesa. Kuna duka pale Riley Creek lakini ni la dharura. Nunua Anchorage au Wasilla njiani. Ndani baada ya kituo hakuna kinachouzwa, si maji, si biskuti. Na mle ndani ya basi, mkishuka msiache hata ganda la ndizi. Dubu akijifunza kwamba watu ni chakula cha bure, wanaishia kumuua dubu.

Hoteli: nenda Healy, maili 11 kaskazini ya geti. Bei inashuka, na kituo cha mafuta kipo huko. Ndani ya hifadhi hakuna mafuta.

Mtoto wa miaka 3 anahitaji kiti chake cha gari ndani ya basi, na unakuja nacho mwenyewe. Watu wengi hawalijui hili. Utakuwa umekodi kiti pamoja na gari, basi kitoe kwenye gari, kifunge kwenye basi. Ukishuka nacho njiani ni mzigo, kwa hiyo chagua kituo kimoja tu cha kushuka na familia yote. Nakushauri Teklanika: vyoo vipo (vya shimo, visafi, hakuna maji ya bomba kwa hiyo beba ya kunawa), mama hapandi ngazi ndefu, na mto uko mbele, mpana, maji yamejigawa mikono mingi kwenye changarawe. Pale ndipo mtandike.

Kiingilio cha hifadhi ni kando na tiketi, dola 15 kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Simu itapoteza mtandao maili chache tu baada ya geti, kwa hiyo tiketi zihifadhi kwenye simu mapema au zichapishe.

Binti Makunduchi
Nguo je? Julai si joto?

Fundi Mabomba AK
Julai unaweza kupata jua la nyuzi 20 saa sita na mvua ya baridi ya nyuzi 7 saa tisa. Mmoja mmoja avae tabaka: fulana, sweta, koti lisilopitisha maji. Mama abebe na kanga zake mbili, madirisha yakifunguliwa atajitanda.

Msomi wa Kimara
Niongeze la usalama kwa mtakaoshuka. Dubu umbali wa chini kabisa unaoruhusiwa ni yadi 300, mita 275 hivi. Mkitembea ongeeni, imbeni, asije akashtuka. Mkikutana naye msikimbie. Muusi ni kinyume chake: akilaza masikio na kuja kwako, kimbia, jifiche nyuma ya mti. Mtoto wa miaka 9 umfundishe hivi viwili visichanganyike.

Mzawa wa Chumbageni
Nimemfundisha jana. Ameniuliza, "Baba, na kama wako wote wawili?"

Jongwe la Mjini
Mwambie apande basi la kaki.

Mzawa wa Chumbageni
😂😂 Wakuu nimekata tiketi. La kijani, saa 1 na nusu asubuhi, wakubwa watatu tumelipa, watoto bure. Kiti cha mtoto nimeongeza kwenye gari. Darubini mbili zimeagizwa. Mama ameuliza kama dereva anasimama akiambiwa kwa Kiswahili.

Fundi Mabomba AK
Apige kelele tu na anyooshe kidole, atasimama. Fikeni kituo cha mabasi dakika 30 kabla, na ukae safu za mbele na mama, nyuma kunarusha sana. Ukirudi weka mrejesho humu, na Dereva wa Narok anadai idadi ya dubu.

Dereva wa Narok
Na idadi ya magari mliyoyakuta kwenye huyo dubu. Hiyo ndiyo nataka kuionyesha ofisini.